Sinia Lisilo na Picha

Mjukuu wangu Elia, mume mwenzangu,

Nakusalimu kwa Kiha chetu: mwidiwe huko Dodoma. Sisi hapa Kibondo hatujambo. Bibi yako anavuna maharage. Mimi kiuno kimenikataza jembe. Kukaa nako kumenishinda: leo nimeyapanga upya makopo na mabango yangu ya bati mara tatu.

Uliniuliza kwa nini, katikati ya matangazo yote ya chai na sabuni, nimetundika sinia tupu.

Miaka ya sabini nilikwenda kwa miguu hadi Kasulu, nikamsumbua mwenye duka mmoja mpaka akaniachia sinia lake la tangazo la chai, lenye picha ya meli. Nilitaka kumpelekea bibi yako, maana kijana mmoja mwenye baiskeli alishaanza kuzoeleka nyumbani kwao. Asubuhi ya kwenda sikutulia. Nikaona lina vumbi, nikalisugua kwa mchanga na majivu kama sufuria. Likang'aa kweli! Meli ikaondoka yote.

Nikaenda nalo hivyo hivyo. Bibi yako akaligeuza huku na huku.

"Meli uliyoisifia iko wapi?"

"Nimeisugua."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, nisimulie basi ilivyokuwa."

Mwenye baiskeli alipofika, alinikuta bado nasimulia.

Mpaka leo huniuliza, na meli imeshapata bendera, abiria na mbuzi wawili. Jana kaniuliza inakwenda wapi. Sijampa jibu, ndiyo maana situlii. Ukiwa na wazo niandikie upesi, ila usimwambie.

Babu yako