Uhusiano na Mgonjwa

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Mimi mzima wa kusema tu. Nyumba uliyonipangia ni nzuri, ina vigae mpaka jikoni, ila anayenisalimia ni mlinzi peke yake, naye kwa kupunga mkono dirishani. Jana nimetoka dukani, nikapiga hodi mlangoni kwangu mwenyewe, nikajiitikia karibu. Nikacheka, halafu nikalia. Presha imepanda tena na dawa nameza. Niruhusu nirudi kwenye chumba changu cha uani.

Mama yako, fundi cherehani asiye na wateja

19 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, nimebanwa na kazi tu. Mama, mimi ni mfamasia, presha naijua. Chumba kile kina unyevu, choo mnatumia watu kumi na wanne, kelele tangu alfajiri. Nimehangaika ugenini miaka sita ili utoke pale. Nenda hospitali ya kulipia, gharama niachie mimi. Ila kurudi uani, hapana.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Utanisamehe, nimeshahama. Kizunguzungu kilinilaza siku mbili bila kufungua mlango, na hakuna aliyeshtuka. Hapa uani nikichelewa kuamka, jirani wa kulia anagonga ukuta, na wa kushoto anauliza kama nimekufa ili arithi cherehani. Daktari amepima, akarudia kupima, akasema presha imeshuka. Unyevu upo, sikufichi, na siku za mvua kifua kinanibana. Usinune.

Mama yako

14 Julai

Mwanangu,

U hali gani? Hii ni barua ya pili bila jibu. Kama ni hasira, nigombeze basi nijue uko hai.

Mama yako

2 Agosti

Shikamoo Mama,

Samahani kwa kukuweka roho juu. Hasira zilikwisha ndani ya mwezi mmoja, baada ya hapo ilikuwa aibu. Nina vijiwe kwenye kibofu cha nyongo. Upasuaji wenyewe ni mdogo, unaingia asubuhi unatoka jioni, na bima inalipa yote. Ila hawanigusi bila jina la mtu mzima wa kunirudisha nyumbani na kulala kwangu siku hiyo. Niliandika jina lako. Nesi akauliza utafika baada ya dakika ngapi. Wameshaahirisha mara mbili, na maumivu yananikunja.

Wenzangu kazini tunapishana zamu. Nazijua sahihi zao kuliko sura zao. Nikajikaza nikagonga kwa jirani niliyepakana naye ukuta miaka yote sita. Alifungua kidogo, mnyororo wa mlango haukutoka, akaniambia kwa upole kwamba nimekosea mlango.

Sasa nimepata mama mmoja kutoka kampuni inayokodisha watu wa kuuguza. Upasuaji ni Jumanne. Jana tulikaa naye mezani kwangu kujaza fomu. Alipofika kwenye uhusiano na mgonjwa akasimamisha kalamu.

"Niandike nani?"

Nikamwambia aandike dada. Alinitazama, akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilifurahi, Mama, siwezi kukuficha. Halafu akanikatia risiti.

Mwanao