Kaseti Si za Marehemu

Heru Juu, Kasulu
4 Juni 2023

Mwanangu Nathaniel,

Amahoro. Mimi mzima, isipokuwa goti hili linalojua mvua kabla ya mawingu. Loyce na wajukuu hawajambo? Huko Murungu mmeshavuna maharage?

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikata maneno. Siku ya kuganduka, tulipomaliza msiba wa baba yako, mimi nilikuwa uani nasonga ugali wa wageni wenu. Mlipogawa vitu vya marehemu mligawa na kaseti zote. Narudi sebuleni, rafu tupu, na baba yako mdogo Sylvesta ameshafunga gunia kwenye bodaboda anakwenda nalo Titye. Nilinyamaza kwa ajili ya wageni. Sasa wageni wameondoka. Nazitaka.

Mama yako,
Kezia


Murungu, Kibondo
15 Juni 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, maharage tumevuna, na Loyce anakusalimu. Pole na goti, usiache dawa.

Mama, zile kaseti zilikuwa za Baba. Heru Juu nzima inajua. Kilichogawiwa siku ya kuganduka hakirudishwi, na mimi ndiye niliyesimama kugawa. Nikamwambie nini baba mdogo? Nitakununulia redio ya kisasa, nikujazie nyimbo za kwaya kwenye flashi. Hata nafasi hazichukui.

Mwanao,
Nathaniel


Heru Juu
22 Juni 2023

Mwanangu,

Salamu zimefika, dawa nameza.

Sasa nisikilize, bwana mwalimu. Kaseti ni zangu. Ya kwanza niliipata hata wewe hujazaliwa. Za rumba nilibadilishana na Wakongo wa kambi ya wakimbizi kwa maharage. Ya taarab aliniachia nesi wa Tanga alipohamishwa. Zipo ngoma za Burundi, zipo za filamu za Kihindi, wapo na wale Wazungu wa magitaa wanaolia kama wamefiwa na ng'ombe. Zilizokatika niliziunga kwa mikono yangu. Betri zikichoka nilizianika juani.

Lakini nilikuwa kiongozi wa kwaya. Wazee wa kanisa walipokuja kuuliza huu muziki wa dunia ni wa nani, baba yako aliniwahi: "Ni wangu." Wakamtenga na Meza ya Bwana, akakaa benchi la nyuma mwaka mzima. Na akirudi nyumbani ananiambia, "Kezia, weka ile ya Tanga." Tunafunga mlango, tunacheza. Hivyo ndivyo nilivyopendwa mimi. Flashi yako mpe Loyce.

Jumamosi nakwenda Titye.

Mama yako,
Kezia


Murungu
28 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti halijambo, maana nasikia limekufikisha mbali.

Baba mdogo amenipigia simu. Anasema watoto wake walikuwa wamefunga utepe wa kaseti kwenye mtama kufukuza ndege, nawe ukaingia shambani kwake bila hodi, ukaufungua wote na kuukunja mbele ya majirani huku unaimba! Mama, wazee wa kanisa wameshasikia. Watakutoa kwenye kwaya uliyoiimbia maisha yako yote, kwa ajili ya plastiki? Nakuomba, acha.

Mwanao,
Nathaniel


Heru Juu
3 Septemba 2023

Mwanangu,

Ni matumaini yangu mnaendelea vizuri. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na kazi.

Wazee waliniita. Niliwaambia yote, hata la baba yako kubeba lawama yangu. Wamenitoa kwaya. Nimeumia, sikufichi, nililia njia nzima. Jumapili iliyofuata nikaenda kukaa benchi lilelile la baba yako Kipriani, na kutoka huko nyuma sauti yangu inawafikia vizuri tu.

Kaseti zimerudi, Sylvesta amenirudishia gunia. Utepe wa shambani nimeupangusa vumbi na kuuzungusha kwa kalamu. Unakwaruza, lakini unaimba. Na siku hizi mlango siufungi.

Inakosekana moja tu, ile ya Tanga. Sylvesta ameapa hakuiona. Nathaniel, nakuuliza wewe.

Mama yako,
Kezia


Murungu
10 Septemba 2023

Mama,

Shikamoo. Huku wazima.

Ninayo mimi. Niliitia mfukoni kabla hatujaanza kugawa, nilitaka kitu cha Baba. Nilikuwa nikiisikiliza namwona anacheza pale sebuleni, na mimi mdogo nachungulia kutoka chumbani. Tangu barua yako ya Juni naogopa kuiweka. Kama haikuwa yake, nilikuwa namwona nani?

Mwanao,
Nathaniel


Heru Juu
17 Septemba 2023

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Usiogope. Ulimwona baba yako. Siku hiyo mimi niliweka kaseti, yeye akacheza, na pale ulipochungulia hukuweza kuniona mimi niliyekaa kando ya redio.

Baba yako amekuachia baiskeli na ukoo. Kaseti ni yangu. Ilete mwenyewe Jumapili, tuiweke baada ya ibada, mlango wazi, wazee wakipita wapite. Nitahitaji mtu wa kucheza.

Mama yako,
Kezia, mwenye kaseti