Jani Tupu

Blacktown, Sydney

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, na yule daktari wa Ngamiani bado anakukataza chumvi? Mimi mzima, ila barakoa imenichubua masikio. Corona bado imetufungia. Hata wageni hawaruhusiwi kuingia kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi.

Kuna bibi mmoja Mtamili, Bi Thangam, kibogoyo kama wewe. Binti yake, Selvi, huleta tambuu akaniachia mlangoni, kisha husimama nje ya dirisha akitutazama. Mimi ndiye ninayempondea bibi kwenye kinu kidogo: jani, popoo, chokaa kiduchu. Siku ya kwanza nilitia na tumbaku, kwa mazoea yako, bibi akanitemea! Selvi alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikamwambia mama yangu anaapa kwamba neno tambuu lilizaliwa Tanga. Usikasirike, Mama: tumelipokea kwa Waarabu na Waajemi, nao walilitoa Bara Hindi. Watamili wenyewe husema "vettilai", na majirani zao wa Malabar "vettila". Huko ndiko Wareno walikoliokota, na Waingereza wakapata "betel" yao. Selvi anasema maana ya "vettilai" ni jani tupu: halina ua wala tunda la kujivunia.

Hapo nikakumbuka maneno yangu mwenyewe. Wiki iliyopita uliponiambia kwenye simu kwamba tambuu zinakunyaukia kwa kukosa wa kukupondea, nilikujibu, "Mama, si majani tu hayo?" Nisamehe.

Jana Selvi aliniuliza kupitia kioo, "Dada, na mama yako anapondewa na nani?" Nikamdanganya kwamba ndugu wapo tele. Yupo nani hapo nyumbani zaidi ya kaka Hamisi, naye anashinda bandarini?

Viza yangu inaniruhusu kuondoka hata kesho. Kurudi huku ndiko kulikofungwa. Nilipokueleza hayo ukasema, "Baki mwanangu, mimi sijambo." Nami nilifurahi, Mama. Nilifurahi kuambiwa nibaki, na furaha hiyo ndiyo inayonitia aibu.

Nisalimie kaka, shangazi Mwanaidi anayepita kukufulia kila Ijumaa, na jirani yetu fundi cherehani.

Nakuuliza tena, na safari hii usinihurumie. Kaka akishakusomea, jibu usimwachie yeye. Ukisema njoo, nitakuja. Ukisema baki, basi usiniambie kwamba hujambo.

Mwanao,
Zuhura