Mazuti ya mkwe wangu

Jumanne, jioni

Eti ni mazuti, dizeli kabisa! Mkwe wangu Dieudonné alinionyesha ndoo yake leo. Ndani mna mafuta yaliyotumika, ya wanawake wanaokaanga mikate sokoni Tshopo. Ameyachanganya na soda ya kutengenezea sabuni na alkoli, na anataka kuyatia katika mashine yangu ya kukoboa mpunga. Mashine hiyo ndiyo inayotulisha sote.

Nilimwuliza alkoli aliipata wapi.

"Papa, lotoko iko alkoli, non? Hii ya kwanza-kwanza inawaka moto!"

Lotoko ni pombe ya mahindi; ina maji, hata ikiwaka. Nilitia mazuti yake kidogo katika chupa pamoja na maji, nikatikisa. Mazuti mazuri yangejitenga na maji. Haya yalifanya povu jeupe kama maziwa.

Binti yangu alipaza sauti kutoka jikoni: "Dieudo, umetupikia sabuni! Bon, kesho ni weye utafula nguo!"

Mumewe alicheka, lakini alicheka upesi mno. Kisha akaniuliza, kama mtu asiye na neno, iwapo kesho nitawasha mashine mapema.

Kwa nini aulize? Hajapata kunisaidia hata kubeba gunia.

Walipokwenda kula, nilikwenda peke yangu kwenye banda la mashine, nikafungua kifuniko cha tangi lake. Lilinuka mikate.

Kufuli halikuvunjwa. Na ufunguo wa banda tunao wawili tu, mimi na binti yangu.