Ijumaa Meli Inang'oa Nanga

Jumapili, 9 Novemba 2025

Mwadini yuko kwangu. Naandika hapa tu, mtu sijamwambia. Mtoto wa marehemu kaka yangu! Mara ya mwisho nilimwona ana miaka minane, meno ya mbele hana. Leo adhuhuri kanigongea mlango na ndevu zake, koti la kazi la rangi ya chungwa, mfuko wa plastiki mkononi. Meli yake imefunga gati bandari ya Tilbury tangu juzi. Mabaharia walipewa ruhusa ya kushuka mpaka jioni. Yeye kashuka.

"Sirudi, Shangazi." Hata salamu bado. Nikamwambia shikamoo kwanza, wazimu baadaye. Akacheka kidogo, halafu akalia. Mwanamme mzima analia kwenye kikorido changu cha Kilburn, hapa London, jirani anapita na baiskeli. Nikamvuta ndani, nikateleka chai.

Jumatatu, 10 Novemba

Kasema leo. Alikuwa na mwenzake wa chumba, Gires, Mkongo. Wakamwingiza tangi la chini kusafisha. Hewa mbovu, hakuna aliyeipima. Mwadini yuko juu kashika kamba. Kamba ikalegea. Walipomtoa keshakata roho.

Nahodha kaandika kwenye kitabu cha meli kwamba Gires kateleza ngazini. Anataka Mwadini atie saini kuwa ndivyo alivyoona. Mwadini kakataa, na tangu siku hiyo anaambiwa tangi linalofuata ni lako. Pasipoti yake iko kwenye kabati la nahodha.

Kaniapisha nisimwambie mama yake habari ya Gires. Wifi Mgeni ana presha. Nikaapa.

Jumanne, 11 Novemba

Sadrudin kaja kutoka Stanmore. Loya mstaafu, mzaliwa wa Mkunazini. Nilimwangalia mama yake miaka sita mpaka akafa, kwa hiyo hanikatalii kitu. Kala maandazi matatu huku akisema sukari imempanda.

Kaeleza taratibu. Zamani nchi na nchi ziliwekeana mkataba: baharia akitoroka, balozi anaandika barua, polisi wanamsaka, wanamrudisha melini na pingu. Siku hizi hawaandiki hivyo. Lakini ruhusa ya Mwadini ya kukanyaga nchi hii ni ya baharia, inakwisha meli ikiondoka. Na meli ingali bandarini, njia nyepesi kwa kila mtu ni kumpandisha ngazi ile ile. Meli inang'oa nanga Ijumaa, saa moja jioni.

Akamgeukia Mwadini. "Ukijitokeza mwenyewe ukasema uliyoyaona, wewe ni shahidi. Ukikamatwa, wewe ni mtoro."

Kampatia apointimenti na wachunguzi wa ajali za meli. Ijumaa, saa nane mchana. Mwadini kasema ndiyo. Usiku kala wali sahani mbili, nikafurahi kama mjinga.

Jumatano, 12 Novemba

Mdomo wangu huu!

Nilikuwa kazini Wembley, nafagia ngazi za uwanja. Wifi Mgeni kapiga kutoka Wete, analia hata maneno hayatoki. Kampuni imemwambia mwanawe katoweka, haijulikani yu hai au kafa. Ningefanyaje? Nikamwambia yuko kwangu, mzima, anakula. Kwa nini kashuka? Nikasema kachoka na kazi.

Nusu ya kweli. Nusu ya pili niliapa. Wifi akasema Alhamdulillahi, kesho anasoma kisomo cha shukrani.

Alhamisi, 13 Novemba

Wametuma video kwenye grupu la ukoo. Ubani, halua, wanawake wamejaa ukumbini. Wifi kavaa ile kanga niliyompelekea. Kamera ikatoka nje barazani kwa wanaume, na nani kakaa mwanzo kabisa, kahawa mkononi? Bwana Shaame, wakala wa kampuni ya meli. Yeye ndiye aliyempeleka Mwadini baharini, na nyumba yake ni ya tatu kutoka kwa wifi. Kisomo hakina kadi, jirani haachwi.

Imamu akamwombea dua kijana wetu aliyefika salama London kwa shangazi yake. Wote wakasema amin. Shaame naye.

Sikumwonyesha Mwadini. Niliogopa. Niandike hivyo hivyo: niliogopa.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa tatu mama yake kapiga, kwa Mwadini si kwangu. Simu ilikuwa kwenye spika. Shaame kawafikia tangu alfajiri: kijana asiporudi kabla meli haijaondoka, kampuni haichukui tena mtu Wete. Makame, mdogo wake, aliyekuwa asafiri Januari, jina limefutwa. Akirudi, nahodha kasamehe yote.

"Rudi, mwanangu. Usiporudi, radhi yangu huna."

"Sawa, Mama."

Basi! Gires hakumtaja. Nilitaka kuinyakua ile simu, akageuka akanipa mgongo.

Saa sita. Kaoga, kavaa koti lake. Nimempigia wifi mwenyewe, nivunje kiapo, Mungu anisamehe. Kapokea mwanamme. Shaame! Kasema Bi Mgeni kajilaza, presha. Halafu, kwa adabu zote, akaniuliza kijana keshatoka? Nikakata.

Saa saba kasoro robo. Nimefunga mlango. Ufunguo uko kifuani mwangu. Sadrudin anakuja kumchukua, yuko kwenye treni, imesimama Wembley Park, hajui kwa nini. Mwadini kasimama mbele yangu na mfuko wake. Hanisukumi, hatanisukuma, kalelewa vizuri na yule yule anayemrudisha. Nimemwambia watakutia tangini. Kasema najua, Shangazi. Nimemwambia mie ndiye niliyesema, kosa langu, nihukumu mie. Kasema hapana neno. Kanyoosha mkono.

"Ufunguo, Shangazi."

Mara ya tatu hii. Naandika ili nisiutazame ule mkono.

Simu yangu inaita mezani. Jina la Wifi Mgeni kwenye kioo. Sote wawili tunaiangalia.