Mrija Mgongoni mwa Fien

Jumanne, 9 Septemba
Usaha kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Farasi wetu Fien anasimama kwa miguu mitatu, jasho linamtoka, halali. Baba anasema tumpumzishe — najua maana yake: auawe. “Farasi wa kuvuta wavu wa uduvi baharini ataishije hivi, Katrien?” Nimemwomba muda hadi Jumatatu. Liesbet, daktari wa mifugo, amekiosha kifundo, kisha akamchoma sindano ya mgongo, juu kidogo ya mkia, akaacha mrija mwembamba humo. Mofini, dawa ya maumivu, itapita hapo asubuhi na jioni. Miguu haitakufa ganzi, maumivu tu yatapungua.

Jumatano, 10 Septemba
Amelala! Nilimkuta chini, nikadhani amekufa. Kumbe anakoroma. Nimepakata kichwa chake kwenye majani makavu, nimelia weee.
Daktari alionya kwamba mofini hufunga tumbo. Mchana amekunya. Nimempigia daktari simu kama mtu aliyepata mjukuu.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimegombana na Baba. Niliporudi kutoka kuchemsha uduvi, nilikuta zizi tupu. Nikawakuta ufukweni — Fien ndani ya maji, mrija mgongoni, anatembea kwa madaha kama bibi harusi.
“Si unaona amepona? Maji ya chumvi ni dawa tangu enzi za babu yako.”
“Hajapona, Baba. Hasikii maumivu tu.”
Baba akavua koti, akamfunika mgongo, tukarudi polepole. Njia nzima alikuwa akimnong’oneza, nisamehe mama, nisamehe. Sisi watoto wake hatujawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Hasira ikaniisha.

Jumatatu, 15 Septemba
Mrija ulitolewa jana. Ukikaa sana huleta ugonjwa mwingine.
Naandika nimekalia ndoo zizini. Miguu mitatu tena. Shingo imelowa jasho, tufaha amelikataa. Daktari yuko mlangoni na mkoba wake, anangoja neno letu.
Mimi niliyeomba muda ndiye niliyesema: basi, Baba, tumwache aende. Nampenda, siwezi kuyatazama macho yale tena.
Baba amepiga magoti, na goti lake lile bovu, ameukumbatia mguu mgonjwa. Hataki kugeuka.
“Jumatano alilala,” anasema. “Alikoroma, ulisema mwenyewe. Mwulize daktari kama ana mrija mwingine.”
Daktari amesikia. Hamjibu yeye — ananitazama mimi.