Kabichi Zilizokatwa Vilele

Shumba Viamboni,
Micheweni, Pemba.
22 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Laila,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Nakusalimu salamu za dada wa tumbo moja, na natumai barua hii itakukuta huko Denmark u mzima wa afya, wewe na shemeji Haroub na mwanangu Shadya. Je, kile kifua kimepoa? Baridi ya huko usiifanyie ujeuri, vaa soksi hata ndani ya nyumba. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mume wangu Mbarouk mzima, watoto wazima, na kuku wazima kuliko sote kwani wanakula bila kufanya kazi.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu hukatika, na mie nikianza kusimulia ndipo mtandao nao huanza visa vyake. Tena Mama kasema maneno haya yaandikwe, uyasome kila utakapo. Jabir wa shangazi anarudi huko wiki hii, ndiye atakayekupa mkononi.

Najua la kwanza unalotaka kulijua ni la Mama. Kaa kitako, usome kwa utaratibu.

Unakumbuka alivyoteleza uwani wakati wa masika. Daktari alisema mfupa haukuvunjika, anyanyuliwe tu, ajizoeze kutembea. Mama akagoma. Kila tukimshika mkono asimame, anasema mwacheni mtu na safari yake. Chakula akawa anaonja kutufurahisha sisi. Kisha siku moja akaniamuru nifungue sanduku lake, akazigawa kanga zake zote: hii yako Mwanawema, hii ya Bi Moza jirani, na ile doti ya hudhurungi ya Laila. Ndiyo tuliyokupelekea. Ulipoipokea ulielewa, maana ulinipigia simu ukilia hata sikusikia unalosema. Nami nilikuwa nikilia kila nikiosha vyombo, basi tu hukuniona.

Sasa tuje kwenye mbegu zako. Jabir alipokuja likizo ulimpa pakiti ya mbegu za kabichi, yenye picha ya kabichi kubwa kama mto wa kulalia. Huku kwetu, unajua, mboga ni mchicha, kisamvu, mtoriro na mchunga wa kujiotea. Kabichi tunazikuta sokoni zimeshasafiri, zimechoka. Nikasema kipupwe hiki lazima nami nipande. Nilizisia kitaluni chini ya kivuli cha makuti, miche ilipopata nguvu nikaihamishia kwenye matuta nyuma ya jiko. Kila alfajiri nawatoa viwavi mmoja mmoja kwa vidole, nanyunyiza jivu, nafukuza kuku. Mama alikuwa akiniona kwa dirishani, kitandani pake. Nilijigamba mtaa mzima, na Bi Moza nikamwahidi ya kwanza kuvunwa.

Agosti zikaanza kufunga, majani ya katikati yakijikunja kidogo kidogo. Siku moja tukaenda hitimani Gombani, mie na Mbarouk na watoto, Bi Moza akabaki kumwangalia Mama. Tuliporudi alasiri nikapitia nyuma ya jiko kuzitazama, kama ilivyo ada yangu. Laila, hapakuwa na kabichi hata moja yenye kichwa. Kila mche umekatwa katikati, majani ya pembeni yamebaki yameduwaa.

Nilipiga kelele mpaka barabarani wakanisikia. Nikamwita Bi Moza, nikamwambia mbuzi wake kanitia hasara ya kipupwe kizima, na mengine sitayaandika hapa. Kaja macho mazito, alikuwa kwake, kaenda kusali adhuhuri kisha usingizi ukamchukua. Kainama, katazama, kasema taratibu, "Mwanawema, hapa pamekonyolewa kwa kucha. Na mbuzi gani huyo anakula katikati akaacha pembeni?"

Ndipo tukasikia mtu anakohoa jikoni.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua vilele vya kabichi zangu. Miguu yake ina udongo mpaka vifundoni. Kaniangalia kama vile mie ndiye niliyekosa.

"Mboga mmeiacha inajifunga hata haipumui," kasema. "Mtoriro usipokatwa kilele ushauona ukatoa tawi? Hebu nikunie nazi."

Ndivyo alivyotulea, unajua mwenyewe. Mboga yetu haing'olewi; unakata kilele, inachipua pembeni, unachuma tena. Hakuna aliyemweleza kwamba kabichi ni mboga ya kungojewa ifunge. Kaona mboga nzuri inapotezwa, kastahamili kwa dirishani mpaka kashindwa, kashika ukuta, katoka.

Kabichi nikazisahau. Nilikaa chini pale pale mlangoni nikalia, na Bi Moza akalia, na Mama akatuuliza kwani huko hitimani kafa mwengine.

Vilele vile tulivipika kwa tui na papa mkavu, na Mama kala sahani akaomba tena. Picha ya kwenye pakiti hatujamwonyesha mpaka leo.

Na Mungu si Athumani. Vile vigutu nilitaka kuving'oa, Mama akanikataza. Sasa vimechipua. Ubavuni mwa kila kigutu vimetoka vichipukizi vitatu vinne, laini, vingine vimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Kwa meno aliyobakisha, lile dude la kwenye picha asingeliweza. Hivi anavitafuna bila taabu. Kila asubuhi anakwenda kuvichuma mwenyewe, polepole, na mkongojo wake. Ukimshika mkono anakukung'uta. Bi Moza nilimpelekea bakuli na kumtaka radhi. Karudisha bakuli lina ndizi ndani, na salamu kutoka kwa mbuzi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ahsante, na Mola akulipe. Wewe husema kila siku kwamba kwa huko uliko huna unalomfanyia Mama. Neno hilo usilirudie tena. Mie nilimnyanyua kwa mikono, kwa dawa na kwa kubembeleza, sikuweza. Zilizomtoa kitandani ni mbegu zako, kwa idhini yake Mwenyezi Mungu. Nashukuru hata nashindwa niseme vipi.

Mbarouk anakusalimu sana, na wanangu Hudhaifa na Usama wanamuulizia Shadya atakuja lini wamfundishe kupanda mkarafuu. Bi Moza naye anakuombea dua. Msalimie shemeji Haroub. Mwenyezi Mungu akuhifadhini ugenini, akupeni riziki ya halali na afya, na atukutanishe kwa heri.

Neno la Mama nimeliweka mwisho, kama alivyotaka. Juzi kafungua sanduku lake, kalikuta tupu, kaja juu kama si yeye aliyegawa. Anadai kanga zake. Yangu nimeifua nimeirudisha, na Bi Moza kaivua yake pale pale mlangoni. Imebaki doti yako ya hudhurungi. Nikamwambia Laila atampa Jabir aje nayo safari ijayo. Kasema hataki, asipewe mtu. Uje nayo wewe mwenyewe, na yeye atakusubiri nje, amesimama.

Ni mie dada yako, nikupendaye daima,
Mwanawema